Skili za pembeni kwenye RPG za zamani: zipi nazimwagia pointi, zipi nazipita

Ile skrini ya kutengeneza mhusika kwenye RPG za zamani (gemu za kucheza kama mhusika unayemkuza mwenyewe) ina ukatili wake. Gemu haijaanza hata, hujui adui wa kwanza ni nani wala mji wa kwanza una nini, na tayari unaulizwa pointi zako uziweke wapi. Bunduki, sawa, hiyo kila mtu anaelewa. Kufungua kufuli, sawa. Alafu orodha inaendelea kushuka, kamari, kuogelea, huduma ya kwanza, lugha ya majitu, kutengeneza tosta (ndio, ipo, nitaifikia), na kila moja ina maelezo matamu ya mistari miwili yanayokufanya uone hii ndo itakayokuokoa.

Mi gemu hizi nazicheza miaka mingi sasa, nyingine nazirudia rudia, na kitu kinachoniumiza kwenye mazungumzo yetu wachezaji ni lile jibu la mkato, "hiyo skili ni takataka, usiweke hata pointi moja". Basi na mtu mgeni anaambiwa hivo, anaweka kila kitu kwenye upanga na kuongea, anamaliza gemu kwa njia ile ile ambayo kila mtu amemaliza, na nusu ya vitu ambavyo watengenezaji walikaa usiku kuvijenga havioni. Upande wa pili wapo wanaosema weka popote unapopenda ni roleplay bwana, unaigiza mhusika wako, na hao nao wanamwacha mtu akwame leveli ya 8 na mhusika asiyeweza kumuua hata panya.

Kilichonisaidia mimi ni swali moja ambalo najiuliza kabla ya kubonyeza ile alama ya kujumlisha. Kazi inayofanywa na hii skili, kuna kitu kingine humu ndani kinaweza kuifanya? Dawa, spelli (uchawi wa kutamka), hela, mwenzako kwenye timu, au tu kusevu na kulodi? Kama kipo, kinanigharimu nini? Jinsi skili ilivyo na nguvu ni swali la baadaye kabisa.

Tuanze na Fallout maana ndo shule yenyewe. Ile ya kwanza ya 1997 na Fallout 2 ya 1998 zina skili 18, unachagua 3 za kutia alama mwanzoni, hizo 3 zinapewa asilimia 20 za bure alafu kila pointi unayoziwekea inapandisha 2 badala ya 1. Kila ukipanda leveli unapata pointi 5 jumlisha akili yako mara mbili, kwa hiyo mwenye akili ya 5 anapata 15 na mwenye 9 anapata 23. Ukitengeneza jitu la misuli lenye akili kidogo pointi zinakuwa za kuhesabu kabisa, kila unayoipeleka kwenye kamari umeinyima bunduki, na kwenye Fallout 2 ukishavuka asilimia 100 bei yenyewe inaanza kupanda. Ndo maana maamuzi ya pale yanauma.

Sasa chukua huduma ya kwanza na udaktari. Ni skili mbili tofauti ila watu wanazitupa kapu moja, "za kutibu hizo, achana nazo". Huduma ya kwanza inarudisha uhai kidogo, na gemu inakuruhusu kuitumia mara 3 kwa siku. Stimpak, ile sindano ya dawa, inarudisha uhai hapo hapo, unaweza kuitumia katikati ya mapigano, na utazikuta kwenye maiti, kwenye makabati, kwa wauzaji. Kazi ile ile, tena inafanywa vizuri zaidi. Kwa hiyo huduma ya kwanza mi siigusi, na nikikutana na vitabu vyake navisoma tu kwa kuwa vipo.

Udaktari ni habari nyingine. Uko jangwani katikati ya miji miwili, umevamiwa, umeshinda, lakini risasi moja imekuvunja mkono. Unajaribu kushika bunduki yako ndefu gemu inakataa, bunduki ya mikono miwili haishikiki na mkono mmoja, unabaki na bastola uliyoiweka akiba tangu mji wa kwanza. Hapo jichome stimpak hata zote ulizonazo, namba ya uhai itajaa lakini mkono hauponi. Vilevile macho, ukipofuka unarusha risasi hewani. Njia yako ni kufika kwa daktari mjini, na kufika huko ni safari nyingine kwenye ramani na uvamizi mwingine ukiwa kilema. Mwenye udaktari wa wastani anakaa pale pale, anabonyeza skili, muda unapita kidogo, anaendelea na safari na bunduki yake mkononi. Hiyo mi naiwekea pointi, sio za kutisha, naifikisha sehemu inayofanya kazi mara nyingi kuliko inavyofeli alafu naiacha. Skili mbili zenye majina yanayofanana na moja ina mbadala kila kona, nyingine haina mbadala pale unapoihitaji.

Na hapo kwenye vitabu, hiki watu wapya wengi hawakijui. Kwenye hizo Fallout mbili kuna vitabu vya skili 5, sayansi, kurekebisha vitu, huduma ya kwanza, bunduki ndogo na kusafiri nyikani, na ukivisoma vinaendelea kukupandisha mpaka asilimia 91 hivi ndo vinaishiwa. Kadiri ulivyo chini ndo kitabu kimoja kinakupandisha zaidi. Sasa mtu anamwaga pointi za leveli tatu za mwanzo kwenye kurekebisha vitu, alafu anafika mji wenye duka la vitabu na vitabu havina tena cha kumpa. Sayansi na kurekebisha ni skili ninazozipenda sana, zinafungua vitu vingi kwenye Fallout 2, ila mbadala wake unauzwa dukani kwa hela za kawaida kabisa kwa hiyo pointi zangu zinakwenda kule ambako hakuna kitabu.

Kamari sasa. Hii ndo skili inayochekwa kuliko zote, na nadhani inachekwa kwa sababu isiyo sahihi. Watu wanasema haifanyi kazi. Inafanya kazi sana! Kwenye Fallout 2 mwenye kamari ya juu anasimama kwenye meza, anaweka dau, anaweka dau, anaweka dau, na hela zinaingia mpaka muuzaji hana tena cha kumuuzia. Tatizo lake liko kwingine, kwamba kinacholetwa na kamari ni hela, na hela kwenye Fallout 2 inaletwa na kila kitu. Ukishaanza kuua watu wenye bunduki nzuri unauza bunduki zao, begi linajaa, gari linajaa, na kufikia katikati ya gemu wauzaji ndo wanaishiwa hela wao. Kwa hiyo kamari ina dirisha lake, ni mwanzoni, pale ambapo ukiwa na pesa ya deraya nzuri (vazi la kujikinga vitani) mapema maisha yote yanabadilika. Mtu anayeitia alama mwanzoni na ana bahati ya juu (skili yenyewe inaanzia kwenye bahati) anaweza kuvaa vitu ambavyo wengine wanavivaa baadaye sana. Anayekuja kuiwekea pointi leveli ya 15 amechelewa basi.

Nimekuwa nikifikiria sana hilo la muda, maana ukisoma miongozo mingi inapima skili kama vile gemu ni kitu kimoja kinacholingana toka mwanzo mpaka mwisho. Haiko hivo. Kuna skili ambayo ni dhahabu kwa saa sita za kwanza na baada ya hapo imekufa, na kuna nyingine imelala gemu nzima inakuja kuamka karibu na mwisho. Pointi iliyokufa hairudishwi, gemu nyingi za zamani hazina kitu cha kufuta na kuanza kugawa upya, ulichoweka umeweka.

Kabla sijaondoka Fallout niseme kuhusu kusevu na kulodi, maana bila hili mazungumzo yote ya skili yanakuwa ya uongo. Skili yoyote inayofanya kazi kwa kurusha bahati nje ya mapigano, kama kuiba au kufungua kufuli, inaweza kulazimishwa na mtu mwenye subira. Unasevu mbele ya mlango, unajaribu, umefeli, unalodi. Asilimia 40 kwa mtu wa hivo inakuwa 100 tu yenye kelele. Wengine wanaona ni aibu kucheza hivo, mi sina ugomvi na mtu anavyocheza gemu yake, ninachosema ni kwamba uwe mkweli na wewe mwenyewe unapogawa pointi. Kama unajua kabisa wewe ni mtu wa kulodi, usijaze kufuli mpaka 120 alafu ukalalamika bunduki haipigi. Na kama wewe ni wa kukubali matokeo (nawaheshimu sana hao, gemu inakuwa na uzito mwingine kabisa) basi hizo skili kwako zina thamani mara mbili ya anavyosema mwongozo wowote. Ila kuna skili ambazo kulodi hakukusaidii vizuri hata ungetaka, mfano Outdoorsman, ile ya kusafiri nyikani, kwa sababu inafanya kazi njiani huko ramani ikiwa inatembea, na safari moja ndefu inaweza kukuletea majanga mfululizo.

Upande wa gemu ambazo skili inapanda kwa kuitumia mambo yanageuka kidogo. Daggerfall ya 1996 ina skili 35, na kati ya hizo 9 ni lugha! Lugha ya orki, ya majitu, ya harpi, ya wale viumbe nusu mtu nusu farasi, ya kina spriggan, na kadhalika. Wazo lenyewe nalipenda mpaka leo, kwamba unaingia pangoni, orki anakuja, na badala ya kukukata anatulia kwa sababu unajua lugha yake. Lakini jiulize lile swali. Kazi ya lugha ni kumfanya orki asikuumize. Upanga nao unamfanya orki asikuumize, na unafanya hivo kwa orki, kwa harpi, kwa popo, kwa mwizi wa mjini, kwa kila kitu chenye uhai na visivyo na uhai, wakati lugha moja ni ya aina moja ya kiumbe. Juu ya hapo leveli yako kwenye Daggerfall inahesabiwa kutoka kwenye skili zako kuu 3 zote, 2 bora za daraja la pili na 1 bora ya daraja la tatu, kwa hiyo ukifanya lugha tatu kuwa skili kuu umejifunga, maana zitapanda pole pole na wewe mwenyewe utapanda pole pole. Mimi lugha naiweka moja, huko chini kwenye daraja la tatu. Pale ziko nafasi 6 na huhitaji zote, inayohesabiwa ni ile bora tu, kwa hiyo hainigharimu kitu na siku orki akiamua kutulia nafurahi kwelikweli.

Morrowind ya 2002 ina skili 27 na ile ya kufungua kufuli ina mpinzani waziwazi, spelli ya kufungua iliyoko kwenye tawi la Alteration. Tawi hilo hilo ndo lina kupaa angani, kupumua chini ya maji, kutembea juu ya maji. Kwa hiyo mchawi akikuza tawi moja amepata kufuli na mengine yote, mwenye skili ya kufuli amepata kufuli na kutegua mitego basi. Ila shujaa asiye na mana (nguvu ya uchawi) ya kutosha, mtu wa nguvu tupu, kwake hesabu inabadilika, yeye hana huo mbadala mpaka aanze kubeba skroli, karatasi zenye spelli. Ndo maana sikubali mtu akiniambia skili fulani ni mbovu bila kuniambia mbovu kwa mhusika gani.

Kuogelea kwenye Deus Ex ya 2000 sitakawia nako. Skili 11, kila moja ina ngazi nne, unaanza na pointi 5000 za kugawa, na kuogelea iko pale inakuangalia. Maji yapo kwenye gemu, kuna vitu vimefichwa humo, karibu na mwisho unaingia kwenye maabara ya chini ya bahari. Lakini kuna kifaa cha kupumulia unachookota, kuna kiungo cha kupandikiza mwilini kinachofanya kazi hiyo hiyo, na sehemu nyingi za maji ni fupi kiasi kwamba pumzi ya kawaida inatosha. Mbadala tatu kwa kazi moja, tena kazi yenyewe haiombwi mara nyingi. Pita.

Sasa nifike nilipokuwa na hamu ya kufika, Baldur's Gate II ya 2000. Kila mtu anajua mwizi unamchukua kwa ajili ya kufuli na mitego ya adui, na ukiwa na pointi za ziada wanakwambia weka kwenye kujificha. Kutega mitego yako mwenyewe na kugundua viini macho zimekaa mwisho wa orodha huko watu wanazipita. Kaka zangu na dada zangu, hizo mbili ndo skili za pembeni bora kabisa nilizowahi kuwekea pointi kwenye gemu yoyote.

Mitego kwanza. Mwizi anaweza kutega chini kabla mapigano hayajaanza, anapata idadi fulani kwa siku kutegemea leveli, unalala unaamka unatega tena mpaka eneo lifike mitego 7. Kutega kunakataliwa adui akiwa anakuona, lakini bosi ambaye bado hajawa adui, yule ambaye lazima uongee naye kwanza, hahesabiki! Firkraag, lile joka jekundu la Windspear Hills, limekaa pale linakusubiri uje uongee nalo kwa maringo. Mwizi wako anazunguka miguuni kwake, anatega hapa, anatega pale, timu inajipanga mbali, alafu ndo unaenda kuongea na kuchagua maneno ya ugomvi. Sekunde ile linakuwa adui mitego yote inalipuka kwa pamoja. Joka ambalo timu yenye mapanga inalipigania mpaka nusu wanakufa linaanza vita likiwa hoi au halianzi kabisa. Niambie kitu kingine gani kwenye leveli ile kinafanya hivo, bila spelli, bila silaha ya ajabu, bila kuhatarisha mtu. Yoshimo anaingia kwenye timu mapema kabisa na yeye ni bounty hunter, mwizi anayewinda watu kwa malipo, mitego ndo kazi yake, na bado naona watu wanampandisha kwenye kujificha.

Viini macho ndo napenda zaidi kuongelea kwa sababu hapa mbadala upo na bado skili inashinda. Wachawi wa gemu ile wanajifunika, nakala zao nne tano zinacheza pembeni, wengine hawaonekani kabisa, huwezi kuwalenga na spelli. Dawa ya kawaida ni spelli ya True Sight, inayofichua viini macho. Nzuri sana, lakini inakula nafasi ya spelli ya daraja la juu ambayo ungeitumia kwa kitu kingine, inachukua muda kuitamka, na ukipigwa ukiwa unaitamka inakatika. Mwizi mwenye kugundua viini macho hatamki kitu. Unabonyeza kile kitufe kile kile cha kutafuta mitego, anasimama, na raundi ikipita nakala zinapukutika na asiyeonekana anaonekana. Raundi ijayo tena. Tena. Mchawi anajifunika upya na anavuliwa upya, bure, na hakuna anayeweza kumkatisha. Ukiifikisha 100 haikosi. Jan Jansen ni mwizi na mchawi kwa pamoja, nampeleka huko moja kwa moja, na vita vya wachawi ambavyo watu wanaviogopa kwenye gemu hiyo vinakuwa vya kawaida.

Ona tofauti na kuiba mifukoni kwenye gemu hiyo hiyo. Kuiba kuna matukio machache yenye maana, na kuna dawa inayoongeza asilimia 40 ukiinywa, tena ukinywa mbili tatu zinajumlishana. Nanunua dawa, naiba kitu ninachokitaka, natoka. Pointi za leveli nzima nzima kwa ajili ya kazi ya dakika mbili siwezi kuzitoa.

Kwenye mambo ya kuweka pointi nusu nusu nina msimamo mkali. Kugundua viini macho asilimia 30 ni bure kabisa, mchawi ameshamaliza kukuunguza ndo nakala moja inadondoka. Ama ipeleke mpaka iwe ya kutegemewa ama usiianze. Udaktari wa Fallout unavumilia nusu kwa sababu unautumia vita vikiwa vimeisha na una muda, ila kitu cha katikati ya vita hakivumilii. Neverwinter Nights ya 2002 ndo inaonyesha hili kwa namba wazi kabisa, ile skili ya Tumble, ya kujiviringisha, ukiisoma inasema inakusaidia kupita karibu na adui bila kupigwa, unaona kitu kidogo tu, kumbe kila ngazi 5 inakupa pointi 1 ya ulinzi ya kudumu, haijalishi umevaa nini. Ukiwa na ngazi 9 una faida ya ngazi 5, zile 4 zimekaa tu. Ukifika 20 una 4 za ulinzi ambazo ni sawa na ngao nzuri. Mpiganaji kwake inauzwa bei mara mbili, lakini pointi zinaweza kuwekwa akiba, kwa hiyo watu wanaokoteza leveli kadhaa, wanachukua leveli moja ya wizi, wanazimwaga zote hapo kwa bei ya kawaida. Spellcraft, skili ya kuzijua spelli, nayo iko hivo hivo, kila ngazi 5 inakukinga kidogo na spelli. Yaani jina la pembeni, maelezo ya pembeni, kazi ya katikati kabisa.

Timu kubwa nayo inabadilisha hesabu. Wasteland ya 1988 inakuanzisha na watu 4, na ndo ilikotoka ile skili ya kutengeneza tosta. Ni kweli, ipo, unatengeneza tosta mbovu na ndani unakuta vitu. Wasteland 2 ya 2014 ikairudisha kwa makusudi, na kule unachokitoa kwenye tosta kuna mtu mahali fulani anakitafuta, ukimpelekea anakupa kitu. Kwa mhusika mmoja anayetembea peke yake nisingeigusa kamwe. Kwa timu, pale ambapo kuna mtu tayari ana kufuli, mwingine ana tiba, mwingine kompyuta, na yupo mmoja ana pointi zimebaki, mi nampa tosta bila kusita. Hakuna mbadala wa kufungua tosta, hiyo moja. Ya pili, kila tosta kwenye gemu ile kuna mtu alikaa akaiweka pale kwa mkono wake na akaandika cha ndani, na mimi hivo vitu ndo navitafuta kwenye gemu za zamani kuliko asilimia mbili za ziada kwenye bunduki.

Arcanum ya 2001 iko upande wa pili, pale unapewa pointi 1 kila leveli na moja ya nyongeza kila leveli ya 5, mwisho leveli ya 50, na hizo hizo ndo za skili, za uchawi, za ufundi, za kuongeza nguvu na akili. Kule kamari nimeipita kila mara na nitaendelea kuipita. Bei ya pointi moja ni kubwa mno.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni kwamba mchezo wa kwanza na mchezo wa pili ni mahesabu mawili tofauti. Mara ya kwanza hujui skili itaombwa wapi, kwa hiyo namwambia mtu mpya aweke ya mapigano moja, ya kuongea moja, na moja tu ya pembeni ambayo moyo wake umeipenda, aone gemu inamjibu nini. Mara ya pili unajua milango yote iko wapi, na hapo skili za pembeni zinapanda thamani ghafla, kwa sababu unanunua mlango unaoujua. Fallout 2 ndo naifanyia hivo sasa hivi. Natia alama kuongea na Outdoorsman, naanza mchezo, siendi mji wa pili wala wa tatu, nashika ramani moja kwa moja kusini kuelekea Navarro, kambi ya Enclave, lile jeshi la maadui wakuu wa gemu. Huko njiani doria za Enclave zinamuua mhusika wa leveli ya 2 kwa risasi moja, hakuna silaha wala stimpak ya kukusaidia pale. Ila Outdoorsman ikiwa juu gemu mara nyingi inakuuliza kwanza, umeona kundi mbele, unataka kuwakaribia? Hapana. Unaendelea. Linatokea jingine, hapana, unaendelea. Ukifika unajifanya askari mpya, unaongea vizuri unaingia kambini, na ile deraya ambayo wengine wanaivaa gemu ikielekea mwishoni unaitoa kabatini ukiwa bado una mkuki wa kijijini mkononi.